Moshi wa Sigara wa Mtu Mwingine na Mapafu Yako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini huulizwa zaidi na watu ambao hawajawahi kuweka sigara mdomoni, lakini wanaishi, wanafanya kazi au wanasafiri pamoja na anayevuta. Majibu yamejikita kwenye mapafu. Madhara ya moshi huo kwa moyo na mishipa ya damu, ambayo nayo ni makubwa, yanaguswa tu pale yanapohusiana na upumuaji.

Moshi wa sigara wa mtu mwingine ni upi hasa?

Ni moshi wa aina mbili uliochanganyika hewani. Wa kwanza ni ule ambao mvutaji ameuvuta, ukapita mapafuni mwake, kisha akaupuliza nje. Wa pili ni ule unaopanda wenyewe kutoka kwenye ncha ya sigara inayofuka, hata wakati ambapo hakuna anayeivuta. Ukitaka kuona tofauti yake kwa macho, tazama sigara iliyolazwa kwenye kisahani cha majivu mahali ambapo mwale wa jua unapenya chumbani: uzi unaopanda kutoka kwenye ncha una rangi ya buluu hafifu, ilhali wingu linalotoka mdomoni mwa mvutaji ni la kijivu cheupe. Rangi hizo zinatokana na ukubwa wa chembe. Chembe za moshi wa ncha ni ndogo mno na hutawanya zaidi mwanga wa buluu. Zile zilizopita mapafuni zimelowa unyevu wa pumzi na kuvimba.

Wengi hudhani kwamba wanachovuta ni masalia yaliyopulizwa na mvutaji. Sivyo. Sehemu kubwa ya moshi unaojaa chumbani, kwa kawaida zaidi ya robo tatu, hutoka moja kwa moja kwenye ncha. Sababu yake ni rahisi: mashine za maabara zinazopima sigara kwa utaratibu wa kimataifa huivuta mara moja kila dakika, na kila mvuto huchukua sekunde 2. Sekunde 58 zinazobaki, sigara inafuka tu, na moshi wake wote unakwenda chumbani.

Lakini moshi huo si umeshapungua nguvu kabla haujanifikia?

Umepungua kwa maana moja tu, kwamba umechanganyika na hewa, hivyo kila pumzi unayoingiza ina kiasi kidogo kuliko anachokivuta mwenye sigara. Kwa upande wa uchafu wake, moshi wa ncha ni mbaya zaidi. Mvutaji anapovuta, hewa hupita kwa kasi kwenye kaa la sigara na joto lake hupanda hadi kukaribia nyuzi 900 za Selsiasi. Anapoacha kuvuta, kaa hilo hupoa hadi takriban nyuzi 600 na tumbaku huungua nusunusu, kama kuni mbichi zinazotoa moshi badala ya mwali. Kuungua huko kusikokamilika ndiko kunakozalisha kwa wingi zaidi amonia, kaboni monoksidi na kemikali za saratani za jamii ya nitrosamini. Isitoshe, kichungi kipo upande wa mdomo. Moshi wa ncha haupiti kwenye kichungi chochote.

Mwaka 2005 watafiti waliochambua nyaraka za ndani za kampuni ya Philip Morris walieleza majaribio yaliyofanywa na kampuni hiyo katika miaka ya 1980 bila kutangazwa. Majaribio hayo yalionyesha kwamba, gramu kwa gramu, moshi mbichi wa ncha una sumu takriban mara nne kuliko moshi unaovutwa na mvutaji mwenyewe. Hii haina maana kwamba aliye kando anaumia kuliko anayevuta, kwa kuwa mvutaji anapata wote wawili, tena akiwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote. Maana yake ni kwamba aliye kando hapewi moshi uliosafishwa.

Ndani ya moshi huo kuna nini?

Kuna zaidi ya kemikali 7,000, na kati yake takriban 70 zinajulikana kusababisha saratani, zikiwemo benzeni, fomaldehaidi, benzopireni, kadimi na kiasi kidogo cha madini ya mionzi yaitwayo poloni 210. Nyingine haziletei mtu saratani bali huunguza na kuwasha njia za hewa, kama vile amonia na akrolini. Baadhi ni gesi, na baadhi zimebebwa na chembe za lami ambazo ni ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Mgawanyo huu wa gesi na chembe ukumbukwe, kwani ndio unaoeleza kwa nini vifaa vingi vinavyouzwa kwa madai ya kusafisha hewa havitoshi.

Moshi unafanya nini hasa unapoingia kwenye mapafu?

Tuufuate kuanzia mwanzo. Hewa unayovuta hupita puani, kooni, kisha kwenye mirija ya hewa inayogawanyika kama matawi ya mti hadi kufikia vifuko vya hewa vilivyo mwishoni. Mirija hiyo imetandikwa vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, viitwavyo silia, ambavyo hupiga kwa pamoja mara nyingi kila sekunde na kusukuma utando wa ute kuelekea juu. Vumbi na vijidudu hunaswa kwenye ute huo, hupandishwa hadi kooni, na mtu huvimeza au kuvikohoa bila hata kujua. Hii ndiyo fagio ya mapafu, na haipumziki usiku wala mchana.

Akrolini, fomaldehaidi na sianidi ya hidrojeni hudhoofisha vinyweleo hivyo. Mwendo wake hupungua, na moshi ukiendelea kuingia miezi na miaka, baadhi hufa na seli zenyewe hubadilika umbo. Wakati huohuo tezi za ute huwashwa na kuanza kumwaga ute mwingi na mzito kuliko kawaida. Matokeo yake ni kwamba taka zinaongezeka katika wakati uleule ambao fagio imelegea. Ndiyo maana mtu anayekaa na wavutaji anaweza kuwa na kikohozi cha asubuhi chenye makohozi ilhali hajawahi kuvuta.

Chembe ndogo kabisa hazinaswi na ute. Huteremka hadi kwenye vifuko vya hewa. Mapafu ya mtu mzima yana mamia ya mamilioni ya vifuko hivi, kila kimoja kikiwa na upana wa takriban sehemu moja ya tano ya milimita, na vyote vikikunjuliwa vingetanda eneo la mita za mraba 70 hivi. Ukuta unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, na ni lazima uwe hivyo ili oksijeni ipite. Wembamba huohuo unaoturuhusu kuishi ndio unaouacha ukuta huo bila kinga dhidi ya kemikali.

Humo ndani kuna seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza chochote kigeni. Zinapokutana na chembe za moshi huzimeza, lakini haziwezi kuzisaga zote, hivyo hutoa ishara za kuita msaada. Seli nyeupe za damu hufika kwa wingi na kumwaga vimeng'enya vya kushambulia adui. Mwili una protini maalumu ya kuzuia vimeng'enya hivyo visiushambulie mwili wenyewe, na kwa bahati mbaya moshi wa tumbaku huipunguzia protini hiyo uwezo. Basi nyuzi laini zinazofanya pafu linywee lenyewe unapotoa pumzi huanza kukatika moja baada ya nyingine. Vita hii haina maumivu, na hapo ndipo penye hatari yake: uharibifu unaweza kuendelea kwa miaka mingi kabla mtu hajagundua kwamba anahema kwa kupanda ngazi alizozizoea.

Hatimaye kuna kaboni monoksidi. Yenyewe haiharibu tishu za mapafu, ila inapofika kwenye damu hushikamana na himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, na hivyo kuchukua nafasi ambayo ingebeba oksijeni. Mtu mwenye afya huenda asihisi chochote. Mwenye mapafu dhaifu, au moyo dhaifu, anaweza kuhisi.

Je, mtu asiyevuta anaweza kupata saratani ya mapafu kwa sababu ya moshi wa wengine?

Ndiyo, na jambo hili halina ubishi tena wa kisayansi. Ushahidi wa kwanza mzito ulitolewa mwaka 1981 na Takeshi Hirayama wa Japani, aliyefuatilia kwa miaka 14 wake 91,540 ambao wenyewe hawakuwa wavutaji. Wale walioolewa na wavutaji wa sigara nyingi kwa siku walikufa kwa saratani ya mapafu kwa kiwango kilichokaribia mara mbili ya wake wa wanaume wasiovuta. Mwaka huohuo watafiti wa Ugiriki wakiongozwa na Dimitrios Trichopoulos walichapisha matokeo yanayoelekea upande huohuo. Utafiti wa Hirayama ulipingwa vikali, na kampuni za tumbaku zilitumia fedha nyingi kuutilia shaka, lakini tafiti zilizofuata katika nchi nyingi ziliuthibitisha. Mwaka 1986 mganga mkuu wa serikali ya Marekani, C. Everett Koop, alitoa ripoti iliyotamka kwamba moshi huo husababisha saratani ya mapafu kwa wasiovuta wenye afya njema, na mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilichapisha uamuzi wake wa kuuweka katika kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Ukubwa wa hatari hiyo unahitaji kuelezwa kwa uaminifu, maana wapo wanaoupunguza na wapo wanaoutia chumvi. Kuishi na mvutaji huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa takriban asilimia 20 hadi 30. Kwa mvutaji mwenyewe hatari hupanda kwa mara 15 au zaidi. Kwa hiyo mtu mmoja mmoja asiyevuta bado ana uwezekano mdogo wa kuugua, lakini watu wanaovuta moshi wa wengine ni wengi mno duniani, na ongezeko dogo likizidishwa kwa umati mkubwa huzaa wagonjwa wengi.

Namna saratani inavyoanza haitofautiani na ile ya mvutaji. Benzopireni na nitrosamini hugeuzwa ndani ya mwili kuwa vitu vinavyonata kwenye vinasaba vya seli. Seli ikijigawa kabla ya kurekebisha doa hilo, kosa hunakiliwa. Makosa mengi kati ya haya hurekebishwa au seli yenyewe hufa. Lile linaloangukia kwenye kinasaba kinachodhibiti ukuaji, na kuponyoka bila kurekebishwa, ndilo linaloweza kuwa mwanzo wa uvimbe miaka 20 au 30 baadaye.

Vipi kuhusu ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa?

Huu ni ugonjwa unaochanganya mkamba usiokwisha na kuharibika kwa vifuko vya hewa, na kwa miaka mingi uliitwa ugonjwa wa wavutaji. Leo inafahamika kwamba wapo wanaouugua bila kuvuta. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliochunguza zaidi ya watu wazima 70,000 ambao hawajawahi kuvuta walibaini kwamba waliolelewa utotoni wote na mvutaji wa kila siku walikuwa na uwezekano wa asilimia 31 zaidi wa kufa kwa ugonjwa huu uzeeni. Maelezo yake yapo kwenye ukuaji. Mapafu hufikia kilele cha uwezo wake mtu anapokaribia miaka 25, kisha huanza kupungua kidogo kidogo kwa kila binadamu. Aliyefika kileleni akiwa na akiba ndogo kwa sababu ya moshi wa utotoni huifikia siku ya kuhema mapema kuliko mwenzake.

Kwa nini watoto huumia zaidi?

Kwanza, huvuta hewa nyingi zaidi kulingana na uzito wao. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto mchanga huvuta mara 30 hadi 60. Chumba ni kilekile, moshi ni uleule, lakini kilo moja ya mwili wa mtoto hupokea sumu nyingi kuliko kilo moja ya mwili wa baba yake. Pili, mapafu yake bado yanajengwa: vifuko vya hewa huendelea kuongezeka katika miaka ya mwanzo ya maisha, na kinachojengwa ndani ya moshi hakijengeki sawasawa.

Sababu ya tatu ni ya kimaumbile, nayo huwashangaza wazazi wengi inapoelezwa kwa vipimo. Hewa inapopita kwa utulivu kwenye mrija, ukinzani wake hutegemea upana wa mrija kwa namna kali sana: upana ukipungua kwa nusu, ukinzani huongezeka mara 16. Sasa fikiria mrija wa mtoto wenye upana wa milimita 4, na moshi ukaufanya uvimbe kwa milimita 1 kila upande. Zimebaki milimita 2, na kazi ya kupitisha hewa imepanda mara 16. Uvimbe huohuo wa milimita 1 kila upande kwenye mrija wa mtu mzima wenye milimita 8 unaacha milimita 6, na kazi inapanda mara 3 tu na kidogo. Ndiyo maana mafua ambayo mama yake huyashinda kwa siku mbili yanaweza kumlaza mtoto hospitalini.

Nne, mtoto hana uwezo wa kuondoka. Mtu mzima anaweza kusogea au kutoka nje. Mtoto wa miezi sita hubaki pale alipolazwa.

Magonjwa yanayoongezeka kwa watoto hawa ni nimonia, mkamba, pumu na kifua kutoa mlio kama filimbi, pamoja na maambukizi ya sikio la kati, ambayo huhusiana na uvimbe wa mrija unaounganisha koo na sikio. Vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini navyo vinahusishwa moja kwa moja na moshi wa tumbaku. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2011, yakitumia takwimu za mwaka 2004, yalihesabu vifo 603,000 duniani kwa mwaka kutokana na moshi wa wengine, na kati yake takriban 165,000 vilikuwa vya watoto waliokufa kwa maambukizi ya njia za chini za hewa. Makadirio ya hivi karibuni ya Shirika la Afya Duniani yanaweka jumla ya vifo vya wasiovuta kuwa zaidi ya milioni 1 kwa mwaka.

Mimi ni mjamzito na sivuti, lakini mwenzangu anavuta. Je, mapafu ya mtoto yanaguswa?

Yanaguswa kupitia damu yako. Nikotini na kaboni monoksidi huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Watoto wa mama waliovuta moshi wa wengine wakati wa ujauzito huelekea kuzaliwa na uzito pungufu kidogo, na mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo huanza maisha akiwa na mapafu yenye akiba ndogo. Mwenzako asivute ndani ya nyumba wala ndani ya gari, hata wakati ambapo wewe haupo, kwa sababu zinazoelezwa katika majibu yanayofuata.

Nina pumu. Kuna tofauti gani kwangu?

Tofauti ni ya dakika, wakati kwa wengine ni ya miaka. Njia zako za hewa tayari ni nyepesi kukasirika, na moshi ni miongoni mwa vichochezi vya kawaida vya shambulio. Kuna jambo la ziada ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: moshi wa tumbaku unaweza kupunguza ufanisi wa dawa za kuvuta za jamii ya steroidi, ambazo ndizo msingi wa kudhibiti pumu. Ukiona dozi inaongezwa na pumu haitulii, mweleze daktari wazi kwamba nyumbani au kazini kuna anayevuta.

Nikifungua dirisha, nikawasha feni au kununua kifaa cha kusafisha hewa, si inatosha?

Haitoshi, na hapa ndipo kaya nyingi hujidanganya kwa nia njema. Dirisha lililo wazi huingiza hewa pamoja na kuitoa; upepo ukielekea ndani, moshi wa aliyesimama dirishani hurudi chumbani. Feni huusambaza tu. Viyoyozi vingi vya nyumbani huzungusha hewa ileile. Vifaa vya kusafisha vyenye vichujio bora huweza kunasa sehemu kubwa ya chembe, lakini gesi hupita, na ni kwenye gesi ndiko zilimo kaboni monoksidi, benzeni na akrolini. Halafu kuna suala la kasi: sigara huzalisha moshi kwa haraka kuliko kifaa kinavyoweza kuuondoa, na aliyeketi karibu na mvutaji huvuta moshi kabla haujafika kwenye mashine.

Ripoti ya mganga mkuu wa Marekani ya mwaka 2006 ilihitimisha kwamba kutenga vyumba vya wavutaji, kusafisha hewa na kupitisha hewa katika majengo haviwezi kuwakinga kikamilifu wasiovuta. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika tarehe 27 Februari 2005, nao katika kifungu chake cha 8 unazitaka nchi wanachama kuwakinga watu dhidi ya moshi kazini, katika usafiri wa umma na katika maeneo ya umma yaliyo ndani ya majengo. Sigara ikizimwa, chumba hupona. Ikiendelea kufuka, kila kifaa kinafukuzana nayo bila kuifikia.

Na ndani ya gari?

Gari ni chumba kidogo sana, hivyo sigara moja hufikisha chembe hewani kwenye viwango ambavyo ni nadra kuonekana hata kwenye ukumbi uliojaa wavutaji. Kioo kilichoteremshwa kidogo hupunguza kiwango hicho bila kukiondoa, na mara nyingi upepo huusukuma moshi kwenye kiti cha nyuma, ambako ndiko watoto hukaa.

Anayevuta nje, mlangoni au kwenye roshani, ananidhuru?

Nje moshi hutawanyika haraka, na umbali unasaidia kweli. Hatua chache kutoka kwa mvutaji mmoja, kiwango hushuka sana. Ukiwa ndani ya mita moja au mbili kutoka kwake, tena upande upepo unakoelekea, unaweza kuvuta kiasi kinacholingana na cha ndani ya nyumba kwa muda ule sigara inapowaka. Mlangoni na kwenye roshani ni habari nyingine, kwani moshi huingia ndani na kukwama humo. Anayevuta nje na avutie mbali na mlango na madirisha, mlango ukiwa umefungwa.

Sigara imezimwa tangu jana, lakini harufu bado ipo. Je, harufu yenyewe ina madhara?

Harufu ni dalili kwamba kemikali zimebaki. Nikotini na vitu vingine hung'ang'ania kwenye mapazia, makochi, zulia, kuta na nguo, kisha hurudi hewani kidogo kidogo kwa wiki na hata miezi. Mwaka 2010 watafiti wa maabara ya Berkeley nchini Marekani walionyesha kwamba nikotini iliyotua juu ya vitu ikikutana na asidi ya nitrasi, ambayo hupatikana hewani majumbani, hutengeneza nitrosamini zenye uwezo wa kusababisha saratani. Hatari hii kwa mapafu haijapimwa kwa undani kama ile ya moshi wenyewe, na isingekuwa busara kuzilinganisha. Hata hivyo mtoto anayetambaa juu ya zulia na kuweka mikono mdomoni hupata mabaki hayo kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani.

Shisha na sigara za kielektroniki je?

Shisha haina nafuu. Maji huupoza moshi na kuufanya laini kooni, lakini hayaondoi sumu zake, na mkaa unaowekwa juu huongeza kaboni monoksidi nyingi chumbani. Sigara za kielektroniki haziunguzi tumbaku, kwa hiyo hazina ncha inayofuka na kemikali zake ni chache kuliko za moshi. Kinachotolewa na mtumiaji si mvuke wa maji mtupu, bali ni ukungu wenye nikotini, chembe ndogo mno na vimiminika vya ladha. Mwenye pumu asiuchukulie kama hewa safi.

Kuna kipimo kinachoweza kuonyesha kwamba nimevuta moshi wa wengine?

Kipo. Nikotini mwilini hugeuzwa kuwa kotinini, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya saa 16 hadi 20 hivi na huweza kupimwa kwenye damu, mate au mkojo. Kipimo hicho huonyesha siku chache zilizopita, si miaka. Kwa mapafu yenyewe, kipimo chenye manufaa ni kile cha kupuliza kwa nguvu kwenye mashine, ambacho huonyesha kiasi cha hewa unachoweza kutoa katika sekunde ya kwanza. Picha ya eksirei inaweza kuonekana safi kabisa ilhali njia za hewa zimeshaanza kuziba.

Nikiondokana na moshi, mapafu yatapona?

Sehemu yake, na kwa kasi inayotia moyo. Mwaka 1998 jimbo la California lilipopiga marufuku uvutaji ndani ya baa, watafiti waliwapima wahudumu 53 kabla na baada ya sheria hiyo. Kabla, 39 kati yao walikuwa na dalili za kifua kama kukohoa na kuhema. Wiki chache baadaye, 23 kati ya hao 39 hawakuwa nazo tena. Nchini Uskoti, ambako sheria ilianza Machi 2006, idadi ya watoto waliolazwa kwa pumu ilikuwa ikiongezeka kwa takriban asilimia 5 kwa mwaka kabla ya sheria, na baada yake ikashuka kwa takriban asilimia 18 kwa mwaka. Wazazi hawakuhamishia sigara zao nyumbani, kama baadhi ya wapinzani wa sheria walivyotabiri.

Kinachopona ni uvimbe, ute uliozidi na vinyweleo ambavyo bado vipo hai. Vifuko vya hewa vilivyobomoka havirudi. Hatari ya saratani hushuka polepole kwa miaka, bila kufutika siku moja.

Nimwambieje mtu ninayemheshimu ambaye anavuta ndani?

Mwombe jambo moja lililo dogo na linalopimika, yaani kwamba sigara isiwashwe ndani ya nyumba wala ndani ya gari, badala ya kumtaka aache kuvuta leo. Mtu aliyezoea nikotini husikia ombi la kuacha kama hukumu, lakini wengi hukubali kutoka nje ikiwa wataelezwa habari ya mtoto fulani na kifua chake kuliko wakihubiriwa kuhusu afya kwa jumla. Mwandalie mahali pa kukaa nje, weka kisahani cha majivu huko, na uviondoe vile vya ndani. Kisahani kilichobaki mezani ni mwaliko.

Ni lini nimwone daktari?

Mtu mzima amwone daktari akiwa na kikohozi kinachozidi wiki tatu, makohozi yenye damu, kupungua uzito bila sababu, au kuhema kwa kazi aliyoizoea. Aeleze pia ameishi au amefanya kazi kwenye moshi kwa miaka mingapi, kwa kuwa swali hilo huulizwa mara chache kwa asiyevuta. Kwa mtoto usisubiri wiki tatu. Ukiona mbavu zinazama kila anapovuta pumzi, pua zinatanuka, midomo inageuka rangi ya buluu au kijivu, au hawezi kunyonya kwa sababu ya kuhema, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.